Makako wa Barazani Kwetu

Nsimire, binti yangu,

Uniwie radhi kwa kimya hiki kirefu. Umeniletea salamu nyingi kutoka Kisangani, nami nimekujibu kwa kinywa cha mama yako tu, kwamba mimi ni mzima. Nilikuwa na neno la kukuambia, lakini sikutaka ulisikie kabla sijalihakiki. Sasa nimelihakiki.

Unaikumbuka alasiri ile, hapa Muhumba, tulipokuwa tukisafisha meno barazani? Wachoma chokaa walikuwa wametuletea bonge la udongo wa pangoni, uliokwisha kugeuka jiwe kwa ukale wake, na taya likichungulia ndani. Ulilichokoa kwa sindano, ukasugua kila jino kwa mswaki ndani ya beseni la mama yako. Alitoka jikoni, mikono kiunoni.

"Nsimire, mu beseni yangu ya unga? Kesho mutakula bugali na mifupa, miye siko ndani ya hiyo mambo!"

Mkurugenzi wa kituo chetu cha utafiti alikuwa amepita kutusalimia. Akainama, akakuuliza ni meno ya mnyama gani.

"Iko makako, tonton," ukamjibu, kama mtu amwitavyo mjomba wake.

"Sema *ni* makako," nikakukatiza. "*Iko* hutaja mahali."

"Papa, ata mifupa unaifundisha grammaire!"

Tulicheka sote, isipokuwa mama yako.

Hapa Bukavu kila mwenye mkia arukaye mtini ni makako: kima, nyani, mbega, wote. Ulisema kama mtoto wa hapa asemavyo. Mkurugenzi, hata hivyo, aliandika ripoti kwa Kifaransa, na katika Kifaransa cha wataalamu neno hilo, *macaque*, ni jina la ukoo mmoja tu wa kima, ambao makao yao ni Asia na kaskazini mwa Afrika. Makako katika pango la Kivu! Ripoti ilipokelewa kama ajabu, jina lako likatangulizwa, nawe ukapewa nafasi ya masomo huko Kisangani kwa sababu hiyo.

Ulipokwisha kuondoka, nililirudia taya. Meno ya makako wa kweli ni mafupi, yenye vilima butu. Haya yana matuta mawili yaliyokingama, makali, na bonde refu kati yao: meno ya mla majani. Niliyalinganisha na fuvu baada ya fuvu, nikiomba nikosee. Ni mbega, Nsimire.

Nilimwendea mkurugenzi. Akafunga mlango.

"Muzee, unataka kuvunjia mutoto wako masomo juu ya jina?"

"Juu ya mnyama," nikamjibu.

"Na ulikuwa pale! *Iko* ulimukosolea, makako ukainyamazia."

"Kwangu ni neno la mtaani. Wewe ndiwe uliyelivisha tai ukalipeleka Ulaya."

Hakunipa mkono nilipotoka. Siku chache baadaye aliitisha kamati ya kituo, na nasikia atawaambia kwamba wewe ndiwe uliyempotosha.

Tangu hapo nyumba yetu ina baridi. Mama yako hula peke yake. Jana aliniwekea chai mezani bila kuniangalia, akasema, "Mbega iko imekufa zamani. Nsimire iko muzima." Sikumsahihisha.

Usidhani sikuwaza kunyamaza. Niliwaza, tena sana. Lakini ipo siku utasimama mbele ya wasomi na taya lile mkononi, na yeyote ajuaye meno atalitazama mara moja tu. Siku hiyo mkurugenzi hatakuwapo, wala mimi. Aibu yote itakuwa yako, nawe huna kosa. Afadhali tulipe hapa, nikiwa bado naweza kusema.

Kamati itakaa Jumatatu. Nitawaeleza kwamba ulijibu sawasawa katika lugha uliyoulizwa, na kwamba aliyefasiri vibaya ndiye aliyekosa. Huenda wakakubali. Huenda pia wakakunyang'anya nafasi ili kituo kisichekwe, na hilo linaninyima usingizi. Kwa sasa usilitetee jina lile mbele ya mtu yeyote, wala usilikane. Soma, kula vizuri, mpigie mama yako. Sauti yako humtuliza kuliko yangu.

Wakiisha kuamua, nitakuandikia kwa mkono wangu siku hiyo hiyo, hata kama uamuzi wenyewe ni wa kukurudisha nyumbani.

Ni mimi,
Baba yako