Shangazi Alipokuombea, Baba

Ngombezi, Jumapili ya tatu ya Majilio

Baba,

Leo nakueleza yote, hata yale ambayo ungesema, "Mwanangu, hilo liache."

Paroko amenikabidhi kompyuta ya parokia likizo hii. Nachukua mafundisho ya Kanisa kwenye intaneti pale Korogwe mjini, nayaleta kwa flashi, nayapanga ndani ya programu ya Biblia ili makatekista wenzako wayapate kwa urahisi. Nilianza kuyapanga kwa alfabeti. Haikufaa. Nikakumbuka ulivyokuwa ukimpokea mtu mlangoni: humuulizi sura wala aya, unamuuliza, "Umejiwa na nini?" Basi nikafungua makabrasha: Nimefiwa. Naumwa. Nataka kuoa. Katika kila moja naweka somo, kipande cha katekisimu, na mahubiri.

Kwenye Nimefiwa nilikwama. Shangazi alikuwa amekuja kutoka Handeni, ameketi karibu yangu. Unamjua dada yako na ulokole wake. Tulipomwombea marehemu Bibi alitoka nje akisema wafu hawaombewi, nanyi hamkusemezana mpaka masika yakaisha. Nikatafuta kitabu cha Makabayo, pale Yuda Makabayo anapotoa sadaka kwa ajili ya wenzake waliokufa vitani. Hakuna. Biblia iliyomo kwenye programu ni kama ya kina Shangazi, haina vile vitabu saba vilivyomo katika yetu Wakatoliki.

"Si nilimwambia baba yako!" akasema.

Nilirudi mjini kuvitafuta vyote saba. Vikaingia, lakini vikajipanga nyuma ya Ufunuo. Shangazi akacheka: "Umeviacha nje kama viatu!" Nikavihamisha kimoja kimoja, Tobiti baada ya Nehemia, kama kwenye Biblia yako. Kisha nikamsomea pale pa Yuda. Nilingoja abishe. Akasema tu, "Rudia hapo."

Jana ilikuwa Misa ya arobaini yako. Sikuthubutu kumwalika. Alikuja mwenyewe, akakaa benchi la nyuma. Wakati wa maombi ya waamini akasimama, Baba. Akakuombea kwa Kizigua, sauti inakatika, hajui amalizie wapi. Kanisa zima likamwitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie."

Kwaheri kwa leo. Nakuahidi nitamaliza kazi hii kabla shule haijafunguliwa, na Shangazi sitamwacha peke yake. Lakini tangu jana ananiuliza jambo moja, nami sijui pa kulitafuta. Tafadhali nijibu upesi, hata ndotoni: ulimsikia?