Kwa Bi Kidevu, Aliyetushindia Kasuku

Umetimia mwaka mmoja, dada yetu mpendwa, tangu moyo wako uliochoka ulipotulia. Leo hatukulilii. Tunakushukuru, kwa maana kazi yako ilishinda.

Miaka thelathini na miwili uliuguza katika wodi ya watoto. Kila mwenye homa ulimwamuru aguse kifua kwa kidevu, hata mgeni aliyekuja kukujulia hali tu. Ndiyo sababu mtaa ulikuita Bi Kidevu. Kaka yako mkubwa aliona jambo hilo halimstahili mtu mzima, naye alikuambia hivyo mbele za watu.

Siku ile, miaka sita iliyopita, ulimkuta sebuleni ameridhika nafsini mwake. Mjukuu wake, tuliyemwita Kasuku kwa maneno yake mengi, alikuwa na homa na kutapika tangu alfajiri. Sasa amelala kimya, ameupa mgongo mwanga wa dirisha. Kaka yako akasema hatimaye mtoto amejua adabu. Hukucheka. Uliingia chumbani, ukatia kiganja chini ya kisogo chake, ukainua. Shingo haikupinda, kidevu hakikufika kifuani: ndiyo dalili uliyoitafuta miaka yote ile. Ukambeba mgongoni, na kwa haraka viatu vya kaka yako ndivyo ulivyovaa.

Hospitalini daktari alishuku homa ya uti wa mgongo, akaanza dawa ya mshipa papo hapo. Akataka pia kuchota kwa sindano maji ya uti wa mgongo, ajue ni kidudu gani anapigana nacho. Baba wa mtoto alikuwa safarini, hivyo ruhusa ikamwangukia kaka yako. Akakataa katakata. Amesikia sindano hiyo hulemaza.

Ukamwambia kwa sauti ya chini, "Kaka, nimeshika migongo ya watoto wanaochomwa sindano hii tangu ndevu zako zikiwa nyeusi. Kinacholemaza ni ugonjwa. Tia sahihi, kisha uninunie upendavyo."

Akatia sahihi. Maji yalitoka na ukungu, kama yaliyooshewa mchele, na maabara ikamtambua adui. Siku ya nne Kasuku alifumbua macho, akauliza kwa nini babu hajanyoa. Alipopimwa masikio, maana ugonjwa huo huweza kuacha uziwi, alisikia kila mlio, akamsahihisha mpimaji aliporuka namba.

Tangu uondoke, kila Jumanne kaka yako huenda wodini kuketi na wazazi wanaoihofu sindano ile. Juzi baba mmoja alimuuliza, "Mzee, ungekuwa wewe, ungekubali?"

Kaka yako, ambaye hatujapata kumsikia akikiri kosa, akajibu, "Nilikataa. Dada yangu alinishinda, na leo mjukuu wangu yuko darasa la sita."

Baba yule akaomba kalamu.

Unakumbukwa na mumeo, kaka yako mkubwa, wanao wawili, wakwe zako, wauguzi uliowafundisha, na Kasuku mwenyewe. Maadamu tunapumua, hutasahaulika kwetu.