Jogoo wa Kumwomba Radhi Kocha

Jumapili. Baridi kali, Mlima Meru umejifunika mawingu tangu asubuhi, na mimi nina hasira ambayo sina pa kuipeleka ila hapa.

Jana jioni kocha wangu wa zamani wa mpira alihojiwa redioni. Mtangazaji akamuuliza kwa nini nimehamia chuo cha mjini katikati ya msimu. Akajibu kwa upole kabisa: "Yule kijana tulimlea sisi. Wenzetu wamemwonyesha sahani iliyojaa, amewakimbilia. Tunamtakia kila la heri."

Hiyo kila la heri ndiyo iliyoniuma zaidi.

Maana ni yeye aliyeniambia niondoke! Tulikuwa wawili tu nyuma ya bweni, baada ya mazoezi. Alisema chuo kinafuta timu mwakani, na ufadhili wetu wachezaji utakwenda nayo. Akanitafutia nafasi kwa rafiki yake, akaniomba nifunge mdomo, kwa kuwa mkuu wa chuo akijua atamfukuza kazi. Nikaapa.

Mama hajui lolote. Alisikia redio, yeye na mtaa wetu mzima wa Elerai.

Leo baada ya ibada tulitoka nje kwenye mnada wa sadaka kama kawaida: mayai, ndizi, maziwa. Mama akamng'ang'ania jogoo mmoja mwekundu. Kila aliyepandisha dau, naye akapandisha, mpaka watu wakacheka na kumwachia. Nikajua leo tunakula kuku.

Kumbe. Alivuka umati na jogoo wake hadi kwa kocha, maana tunasali naye usharika mmoja.

"Mwalimu, mwanangu amekutia aibu. Pokea jogoo huyu, utusamehe."

Kocha akanitazama. Nilimwomba kimoyomoyo aseme neno moja tu, hata la kuzungukazunguka.

"Yameisha, mama. Vijana ndivyo walivyo." Akampokea jogoo. Watu wakampigia makofi.

Mama akanifinya mkono. Nikasema, "Asante mwalimu kwa kunisamehe."

Nimeyasema hayo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Sasa Mama yuko jikoni anaimba, roho yake imetulia. Kiapo nitakitunza, kwa sababu kocha ana watoto wanaosoma. Lakini Jumamosi tunacheza na timu yake. Mchezaji akiwafunga waliomlea hashangilii, anainua mikono kuomba radhi.

Nikifunga, nitaiweza radhi ya pili?