Maji ya Ayeeyo Yurub

Galbet, Garissa

Kwa dada yangu mpendwa Njambi,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Natumai wewe na watoto hamjambo, na goti la Baba limepata nafuu. Sisi tu wazima. Darasa langu la chekechea lina watoto hamsini na wawili mwaka huu, na nikipiga makofi mara moja tu, wote wanapiga.

Uliniuliza daktari alisema nini kuhusu Nyakio wangu. Alisema ni usonji. Niliitikia, nikachukua karatasi zake, nikapitia sokoni kununua vitunguu. Tangu siku hiyo nangoja machozi na hayaji. Nafundisha, napika, nalala.

Nilimuuliza kama kosa ni langu, kumlea kwa lugha tatu. Akasema hapana, mtoto amezaliwa hivyo. Ila akanieleza kwamba watoto wengi hujifunza kwa kututazama na kutuiga bila hata kuambiwa, na kwa mtoto kama Nyakio jambo hilo huwa gumu. Humsaidia kuwa na mtu mtulivu, anayefanya kitu kilekile, kwa mpangilio uleule, kila siku. Kisha akauliza kama kuna chochote ambacho Nyakio amewahi kuiga. Nikasema hakuna.

Dada, nilimdanganya daktari, na wewe pia nilikudanganya.

Unamkumbuka Yurub, yule mama mzee jirani aliyekuwa akinilelea Nyakio nikiwa kazini. Tulimwita Ayeeyo, yaani bibi, kama wajukuu zake wa Kisomali wanavyomwita. Nilikuandikia kwamba alihamia kwa mwanawe huko Eldas. Ni kweli alihama, lakini mimi ndiye niliyemfukuza. Mwaka jana nilirudi mapema siku moja, nikamkuta Nyakio amechuchumaa mbele ya birika la plastiki, anaosha mikono, mdomo, pua, uso, mpaka miguu, sawasawa na Ayeeyo anavyotawadha kabla ya swala. Mtoto ambaye hajawahi hata kumpungia mtu mkono! Hilo sikuliona. Niliona mjukuu wa Baba, mzee wa kanisa, akisilimishwa. Nikayamwaga yale maji. Ayeeyo alisema taratibu, "Wallahi mwalimu, mtoto naangalia mimi tu, mimi hapana fundisha." Nikamwambia asikanyage tena kwangu. Alipoondoka, Nyakio aliacha kabisa kuosha.

Nimempigia simu Ayeeyo. Alinisamehe upesi kuliko nilivyotaka, akamuulizia Nyakio, lakini macho yake hayaoni tena na safari haiwezi.

Basi nimenunua birika. Kila alasiri nikisikia adhana nachuchumaa mbele ya Nyakio, naosha vilevile, polepole. Siswali, naosha tu. Siku tisa mtoto alitazama ukuta. Jana nilikosea nikaanza na mguu wa kushoto. Alikuja, akausukuma kando, akauvuta ule mwingine karibu na maji. Sikujua nihisi nini. Niliuosha, na yeye akangoja mpaka nikamaliza, ndipo akatoa wake.

Wasalimie watoto wote, na shemeji. Baba naye msalimie sana, na jioni akitulia msomee barua hii. Sehemu ya maji usiiruke.

Ni mimi mdogo wako,
Wanji