Sahihi Mbili za Jaribio 1187

Accra, 9 Januari 2019

Kwa Mjomba Atsu,

Shikamoo. Natumaini vumbi la upepo wa harmattan halijakukaba kifua kama mwaka jana, na kwamba mkaza mjomba Dzigbordi bado anakusimamia umeze dawa ya presha. Mimi mzima, ila midomo imepasuka na uvumilivu nao umepasuka. Mama anakusalimu na anauliza kwa nini huandiki kwa simu kama watu wengine. Nimemjibu kwamba kwako ujumbe wa simu ni kelele, na barua ndiyo maneno.

Mjomba, nimekabidhiwa majaribio yako. Dokta Ansah aliniita ofisini akasema, "Elikem, haya ni majaribio yote ya lugha yetu ya kompyuta, Adanu, elfu tatu mia tisa na sita. Mjomba wako ameyajenga miaka kumi na mitano kabla hajastaafu. Yafanye ya kisasa. Mwisho wa Machi tunatoa mtambo mpya wa lugha, na sitaki kuona hata moja limeanguka na kuwa jekundu." Nikafurahi kama mjinga. Nilijua kazi yenyewe: kila jaribio ni programu ndogo, na kando yake pameandikwa jibu linalotakiwa. Ukigusa mtambo unayaendesha yote, jibu likibadilika unajua umevunja kitu. Kuna ugumu gani hapo?

Sasa nisikilize. Yanachukua saa tisa kuisha. Jaribio la 52 linafaulu Jumanne tu. La 610 linalala dakika arobaini, halafu linaamka na kusema "sawa". La 900 linatafuta faili liitwalo USIFUTE, na Dokta Ansah amelifuta. Ukiyapanga upya, mia mbili yanaanguka, kwa sababu kila moja linaegemea uchafu ulioachwa na lililotangulia. Maelezo hakuna. Kila jibu lina herufi za watu wawili waliolisoma, basi.

Nakuomba, Mjomba, niandikie japo kurasa mbili za maelezo. Friji za chanjo za zahanati zote za mkoa wenu huko Ho zinaendeshwa kwa Adanu, na nyingine mia nne zitafungwa mwezi wa nne. Sitaki kubahatisha.

Mpwa wako,
Elikem


Ho, 17 Januari 2019

Elikem mwanangu,

Marahaba. Kifua kipo, presha ipo, na mkaza mjomba wako yupo juu ya vyote viwili. Amepata kazi ya kushona sare za kwaya, kwa hiyo nyumba nzima ni uzi na sindano, jana nimekalia moja. Mwambie dada yangu simu yangu ni nzima, ni hamu tu ndiyo sina.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa. Hivi ndivyo mabinti wa siku hizi mnavyowaomba wakubwa? La 52 linafaulu Jumanne kwa sababu nililiandika Jumanne. Linauliza leo ni siku gani na jibu ni Jumanne. Wewe una haraka ya nini? Ngoja Jumanne. La 610 linalala kwa sababu kompyuta ya enzi zile ilikuwa ikichemka mpaka unaweza kukaangia yai, ikabidi ipumzishwe. Faili la USIFUTE liliitwa USIFUTE. Zaidi ya hapo sijui niliite nini ili Ansah aelewe.

Unalalamika hakuna maelezo. Kuna sheria, na sheria ni bora kuliko maelezo. Kila jibu limesomwa na watu wawili, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Na jibu likishatiwa sahihi mbili halibadilishwi, mpaka aliyetia sahihi ya kwanza aandike kwa mkono wake kwamba ameiondoa. Sheria hiyo nilimlazimisha Ansah aitie kwenye kanuni za ofisi, baada ya vijana wake kuwa na tabia mbaya: jaribio likianguka, wanachukua jibu jipya na kulibandika juu ya la zamani bila kulisoma, kisha wanaenda kula waakye, wali wao wa maharage. Hivyo huwezi kujua kama umelipima jambo au umelipaka rangi.

Saa tisa si nyingi. Pika ugali wa akple, kula, lala kidogo, rudi. Na usiguse kitu usichokijua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mjomba wako,
Atsu


Accra, 16 Februari 2019

Kwa Mjomba Atsu,

Shikamoo, pole na sindano. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Sisi huku umeme unakatika kila siku saa nane mchana, nadhani hata wanaoukata wameshazoea. Afya yangu nzuri. Guu nimeshavunjika, Mjomba, yote mawili, na bado natembea.

Taarifa njema kwanza. Majaribio sasa yanaisha kwa dakika kumi na moja. Kila moja linasimama kwa miguu yake, halitegemei jirani. La 52 linafaulu siku zote saba. La 610 nimeliamsha. Sijafuta hata jaribio lako moja, ujue hilo kabla hujapandisha presha.

Sasa taarifa ya pili. Katika yote, moja tu ndilo jekundu kwenye mtambo mpya. Namba 1187. Linauliza swali dogo: ukiwa na nukta sita chini ya sifuri, namba nzima iliyo karibu ni ipi? Mtambo mpya unasema hasi moja. Mtambo wa zamani unasema sifuri, na jibu lililotiwa sahihi ni sifuri.

Nilidhani tumekosea sisi. Nilikaa nalo siku tatu, nikagombana na kila mtu ofisini. Halafu nikafungua mtambo wa zamani, nikaona unachofanya: unaongeza nusu, kisha unakata mkia wa desimali. Kwa namba za juu ya sifuri ni sawa kabisa. Kwa za chini ya sifuri ni upuuzi. Hata nyuzi moja na nukta nne chini ya sifuri, Adanu inasema ni sifuri. Mtoto wa darasa la sita angekataa. Na nimetafuta: kwenye majaribio elfu tatu mia tisa na sita, hilo ndilo pekee linalokadiria namba ya chini ya sifuri kuwa nzima.

Kwa hiyo nauliza kwa heshima zote. Sahihi ya kwanza ni A.G., hiyo ni wewe. Ya pili ni D.G. Nimeuliza ofisi nzima, hakuna aliyewahi kufanya kazi hapa mwenye herufi hizo. Na D.G. huyu ametia sahihi majaribio mia tatu na kumi na moja. Mjomba, tafadhali niambie D.G. si mkaza mjomba Dzigbordi.

Mpwa wako,
Elikem


Ho, 20 Februari 2019

Elikem,

Jibu la 1187 limesimama miaka kumi na minne na hakuna aliyekufa. Jaribio ni sheria. Mtambo wako ukipingana na sheria, mtambo ndio mbovu. Urekebishe.

Mambo ya nyumbani kwangu hayakuhusu.

Atsu


Accra, 5 Machi 2019

Kwa Mjomba Atsu,

Shikamoo. Sijui kama utaipokea, maana barua yako haikuwa na salamu wala neno mjomba, na Mama alipoisoma aliikunja akairudisha kwenye bahasha. Tunatumaini wewe na mkaza mjomba ni wazima.

Sikukuuliza ili nikuaibishe. Sasa nitakueleza kwa nini nauliza, na naomba usome mpaka mwisho.

Chanjo inakaa kati ya nyuzi mbili na nane. Nyingine zikiganda zimekwisha, hazimkingi mtu, japo kwa macho chupa ni ileile. Friji ikizidi baridi, king'ora kimewekwa kilie ubao wa namba ulio mlangoni ukisoma chini ya sifuri. Namba ya ubao inaandikwa na Adanu. Na Adanu, kwa jibu ulilotia sahihi, haisomi chini ya sifuri mpaka baridi ifike nyuzi moja na nusu. Kabla ya hapo inasema sifuri, king'ora kinalala, na nesi anachoma sindano.

Nimempelekea Dokta Ansah. Unajua alichosema? "Elikem, sheria ya mjomba wako inasema jibu halibadilishwi bila yeye kuondoa sahihi. Ameondoa? Hajaondoa. Basi urudishe mtambo useme sifuri, tufunge kazi." Nikamwambia, Dokta, watoto. Akasema, "Dada yangu, umewahi kuona baridi ya chini ya sifuri Ghana hii? Hata jasho langu halijawahi kupoa." Ofisi nzima ikacheka. Mimi nikatoka nje nikapiga teke tairi la gari lake, na sasa nachechemea kweli.

Sheria ni nzuri, Mjomba. Leo amejificha nyuma yake mvivu, na ufunguo unao wewe. Andika mstari mmoja tu. Mtambo unatoka Ijumaa tarehe 29.

Mpwa wako,
Elikem


Accra, 21 Machi 2019

Mjomba,

Shikamoo. Wiki mbili, hakuna neno. Mama amepiga simu nyumbani mara nne. Mkaza mjomba anasema umetoka, hajui umekwenda wapi, na kwa sauti yake anajua kabisa.

Nimechoka kukubembeleza. Ulinifundisha kusoma jibu kabla ya kuliamini, nilipokuwa na miaka kumi na miwili, mezani kwako, na kwa hilo nilikuona mtu mkubwa kuliko wote niliowajua. Ijumaa ijayo Ansah atairudisha sifuri kwa mkono wake mwenyewe. Mimi sitatia sahihi yangu hapo. Nimeshaandika barua ya kuacha kazi, ipo kwenye droo.

Elikem


Ho, 28 Machi 2019

Elikem mwanangu,

Marahaba, na marahaba kwa zile ambazo sikukuitikia. Mimi mzima wa mwili. Mkaza mjomba wako mzima, hasemi nami sana. Mwambie dada yangu aniwie radhi, nitampigia simu, kwa mdomo wangu.

Barua hii usimwonyeshe mtu mpaka uisome. Nimempa dereva wa basi la usiku akuletee; iliyoambatana nayo mpe Ansah Ijumaa asubuhi, kabla hajakaa. Imeandikwa kwa mkono: naondoa sahihi yangu kwenye jibu la 1187, jibu sahihi ni hasi moja. Barua yako ya kuacha kazi ichane.

Mficha uchi hazai. D.G. ni mkaza mjomba wako. Mwaka ule Ansah alinibana, mwenzangu wa kusoma alikuwa anaumwa malaria, na majibu yalikuwa yamejaa meza. Mkaza mjomba wako aliniletea chakula, mimi nikampa kalamu. Akauliza, "Natia sahihi nini?" Nikasema ni hesabu tu. Hiyo 1187 niliitazama, nikaona sifuri, nikaona inaelekea. Nilichokuwa nikiwakataza vijana nilikifanya mwenyewe. Na kama Ansah alivyosema, sikuwahi kuona baridi ya chini ya sifuri. Niliandika jaribio hilo ili tu nisiache namba hizo bila jaribio, sikudhani kuna atakayezitumia.

Barua yako ya tarehe tano iliponifikia nilikasirika siku mbili, kisha nikachukua kipimajoto cha kioo nikaenda zahanati ya mtaa wetu. Nesi wa pale anaitwa Akpene, binti mkali. Nilimwambia mimi ni mzee mwenye swali. Akasema, "Mzee, wenye maswali wako foleni." Nikapanga foleni. Nilipofika akaniruhusu nikiweke kipimajoto ndani ya friji. Ubao ulisema sifuri. Kioo kilisema nyuzi moja chini ya sifuri. Nikamwambia labda kioo changu kibovu. Kesho yake nikarudi na viwili. Nimerudi siku tisa, Elikem, nikitafuta siku ambayo mimi ndiye niko sahihi. Umeme ukikatika na kurudi, friji ile inajisahau, inapoa tu, na ubao unasema sifuri. Wameambiwa king'ora kisipolia wasiguse kitu.

Siku ya tisa Akpene alichukua chupa akaitikisa, akaiweka mezani kando ya nyingine aliyoazima zahanati ya mbali. Ile nyingine ilibaki nyeupe. Yetu ilijitenga, unga ukakaa chini, maji juu. Akasema imeganda. Kisha akafungua kitabu akaanza kuhesabu watoto, akaacha kunitazama. Ni arobaini na watatu, tangu Novemba, kwa zahanati moja. Amepiga simu mkoani, na sasa wanatikisa chupa kila mahali.

Kwa jibu jipya, sahihi ya kwanza iwe yako. Ya pili iwe ya Akpene, ameshaitia, ipo chini ya karatasi. Alinilazimisha nimsomee swali na jibu kwa sauti, akabisha, akanichorea mstari wa namba, ndipo akasaini. Mkaza mjomba wako nilimwomba, akasema hatii tena sahihi kwenye kitu ambacho hakukishona. Yale mengine mia tatu na kumi aliyosaini nitumie yote, kwa kifaa chochote, hata kwa simu. Nitayasoma moja moja, na wewe uyasome baada yangu.

Tangu Jumatatu natembea na Akpene nyumba kwa nyumba. Chanjo nzuri imeletwa, yeye anabeba kikasha cha barafu, mimi nabeba kitabu na kuita majina. Tumefikia wa kumi na tisa. Kina mama wengi wanauliza tu kama itauma tena.

Jana tulifika kwa mama mmoja anayekaanga samaki nyuma ya shule. Akpene akamweleza. Akamsikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akaninyooshea kidole. "Na huyu mzee ni wa nini?" Akpene akataka kunisitiri, akasema ni mtu wa kompyuta. Nikasema, mama, mimi ndiye niliyesaini kwamba ni sifuri. Nadhani hakuelewa, kisha nikaona ameelewa. Hakunitukana. Aliingia ndani akatoka na binti yake, ana miezi mitano, akamvua nguo, akaniwekea mapajani. Akasema, "Basi mshike wewe."

Nikamshika, Akpene akamchoma sindano. Alilia sana, Elikem.

Mjomba wako,
Atsu