Maziwa ya Karanga

Majengo, Jumanne usiku, Agosti 1996

Ningejua, ningempa maji tu.

Umeme ulirudi asubuhi, nikakimbilia blenda kabla haujakatika tena. Karanga nilishaziloweka tangu jana. Nikasaga, nikachuja kwa kitambaa, nikachemsha kwa ajili ya mwanangu Neema, maana maziwa ya ng'ombe yanamharisha. Yalitoka meupe, mazito, nikafurahi kama mjinga.

Mara baba mkwe akaingia kutoka kijijini Kasansa, bila taarifa, miguu imejaa vumbi. Nikapiga goti, nikamwamkia, nikamletea kikombe cha maziwa yale yale. Sikuwa na kingine.

Akanywa funda moja, akakitua.

"Haya siyo ya ng'ombe."

"Ni ya karanga, baba. Nimesaga kwa mashine."

Nilidhani atacheka, au atanigomba kwamba namwaibisha mwanawe, mtoto wa wafugaji. Badala yake alikisukumia kikombe kando.

"Nani amewaambia?"

"Kuambiwa nini, baba?"

Alichukua fimbo yake akaenda kukaa nje, akasema atamsubiri mwanawe Masanja. Chakula cha mchana amekataa. Cha jioni pia amekataa.

Zizi lake kule Kasansa ndiyo akiba yetu yote. Mume wangu kila tukikwama husema, "Usijali, nyumbani kuna ng'ombe."

Nimekaa na kibatari hapa nikirudia lile swali lake, na sasa nimeelewa. Kwao mtu hanywi maziwa ya karanga zizi likiwa na ng'ombe. Alidhani tumeshasikia kuwa ng'ombe hawapo tena.

Nasikia baiskeli. Masanja anarudi, anapiga mluzi.