Kaka Hachomi, Nami Sichomi

Jumatatu, 3 Machi

Kosa la wengi ni hili: wakisikia mwili umeanza kutengeneza insulini, hutupa sindano. Kuanza si kutosha! Mtoto anayesimama dede hatumwi dukani.

Daktari alichukua seli za ngozi yangu. Maabara ikazirudisha utotoni, ikazifundisha kazi ya kongosho, kisha nikapandikizwa seli hizo. Si uchawi. Kila seli ina kitabu kizima cha mwili, ila ngozi husoma sura yake tu. Wao wamefungua sura nyingine. Naambiwa zimeanza kutoa insulini — kidogo. Bado nachomwa.

Kinga yangu imeshushwa kwa dawa, nisije nikazishambulia mwenyewe. Ndiyo maana mlango unafungwa na dirisha halifunguki. Nesi nimempa jina: Funguo.

Jumatano, 5 Machi

Nimempigia mdogo wangu wa kike. Naye ana kisukari kama mimi. Miaka mingi tumechoma insulini pamoja kila asubuhi, kwa simu: mimi nahesabu, yeye anachoma na kuitukana sindano. Hapa Funguo ndiye anichomaye, kwa saa zake, basi hatuhesabu tena.

Nikamwambia seli zimeanza kazi! Akacheka: ngozi ya kaka imepata ajira uzeeni, yake itaajiriwa lini? Nilitaka kueleza zaidi. Daktari akaingia.

Ijumaa, 7 Machi

Mdogo wangu hapokei simu. Kitandani, dirishani, kitandani. Funguo kauliza kama napimia chumba zulia.

Jumamosi, 8 Machi

Mpwa wangu kapiga, analia. Mama yake anatapika, anahema kama aliyepanda mlima, pumzi yanuka matunda yaliyochacha. Hajachoma tangu tulipoongea. Kisa? Anasema: kaka hachomi, nami sichomi.

Damu yake inageuka tindikali! Nimesema natoka. Funguo akasimama mlangoni. "Mzee, mafua ya kwanza tu yatakuzika. Utamsaidia ukiwa kaburini?" Nikarudi kwenye simu.

Gari la jirani liko nje kwao. Mdogo wangu hataki kupanda. Hospitali ya nini, anasema, dawa ya kaka inakuja.

Nimemwita Funguo aje na sindano yangu. Simu kwenye spika. Funguo akamwambia: "Mama, kaka yako namchoma mimi, kila siku."

"Umempanga huyo," akanong'ona mdogo wangu. Sauti haina utani.

Nikapandisha shati. Nikahesabu kama zamani. Moja. Mbili. Tatu — Funguo akachoma, nikapiga kelele makusudi, asikie. Nikamngoja aitukane sindano.

Hakutukana. Anahema tu.

Naandika simu ikiwa sikioni, mkono usikae bure. Mpwa anauliza: "Mjomba, nimbembeleze tena, au nimsubiri akubali mwenyewe?"

Usimsubiri. Mpakie garini sasa hivi.